Kapu la Bi Kibibi

Mtama, 11 Septemba 1951

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Kibibi binti Likwata,

Shikamoo Shangazi. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na lile jino lililokusumbua tangu mwezi wa mfungo limekwisha kuondoka. Sisi huku wa mwili hatujambo. Mama yangu Romana anakusalimu sana. Ameanza kula, ingawa bado anapika chungu kikubwa kana kwamba baba atarudi jioni na wachimbaji wenzake wote wana njaa. Kaka yangu Eusebio ameachishwa kazi kwenye mashamba ya karanga, yeye na wenzake wengi, maana Wazungu wanasema karanga zimewashinda. Sasa anapanda mikorosho na kununa.

Salamu zako za pole alizileta yule mtu wa Masoko, na mama alizisikiliza amesimama. Shangazi, nina ombi. Mwakani baada ya mavuno, mwezi wa Agosti, tutasimika msalaba wa saruji kwenye kaburi la baba, na ndiyo siku ya kumaliza matanga. Watakuja watu wa kila kijiji alichokichimbia kisima, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa walikunywa maji yale yale. Wote wananiuliza swali moja: dada yake wa Kilwa atamtungia? Sifa zako zimefika huku zamani.

Nimejaribu mwenyewe, sikufichi. Naandika mstari naukata, naandika mwingine naukata, mpaka karatasi inakuwa kama uwanja uliochakurwa na kuku, kisha naitia motoni jikoni. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu kuandika. Mwalimu Abdulrahmani wa chuo cha Kurani cha hapa, ambaye kwao ni Kivinje, anasema wewe unaketi na kalamu na Mungu anakushushia utenzi mzima, wala huna neno unalofuta. Nilipomsikia nilijua nafasi yangu ni ipi, nikaacha kujaribu.

Basi, tafadhali, mtungie ndugu yako. Na je, utakuja? Kwenye maziko hukuweza kufika, na njia tunaijua ilivyo. Lakini siku hiyo ningependa uketi karibu na mama.

Ni mimi mwanao,
Stefania Klementi


Kilwa Kisiwani, 20 Oktoba 1951

Stefania, binti wa kaka yangu,

Marahaba mwanangu, na marahaba ya pili ni kwa kuniandikia kwa herufi za Kiarabu, za chuo, alizokufundisha baba yako. Herufi zako zinakwenda upande kama kaa, na nukta umezirusha kama mtu apandaye ufuta, lakini nimezisoma zote na nimefurahi. Jino liling'oka lenyewe nikila muhogo wa kuchoma. Mpe mkono mama yako, mwambie asipunguze chungu mpaka moyo wake utake. Eusebio mwambie mkorosho haupendi kununiwa. Hapa kisiwani hatujambo. Jirani yangu Maftaha amemwoza binti yake, na ulimi wake umepata kazi kwa mwezi mzima.

Sasa nisikilize. Huyo Mwalimu Abdulrahmani hajaingia chumbani kwangu hata siku moja, basi asiwaambie watu kinachoshuka humo. Chini ya kitanda changu kuna kapu la ukindu. Mimi kila karatasi ninayoianza naandika Bismillahi juu yake, ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Na karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani, haiwashiwi moto, haifungiwi samaki. Kwa hiyo kila ubeti ulionishinda unakaa kapuni. Kapu likijaa nalipeleka kwenye magofu ya msikiti wa kale, mahali pasipokanyagwa na miguu, nalizika, naanza kapu jingine. Nimezika makapu mengi, mwanangu. Watu wanausikia utenzi uliokwisha nyooka, wanasema Bi Kibibi hakosei. Nami nimewaacha waseme, maana sifa ni tamu na mimi si malaika.

Unaniomba nimtungie ndugu yangu. Hukuhitaji kuniomba. Tangu ile habari ifike kalamu haijakauka, na matokeo yake ni haya ninayokutumia, yote kama yalivyo, pamoja na madoa. Sijawahi kumwonyesha mtu. Tazama ubeti wa kwanza:

Kaka yangu maarufu
mwingi wa kila wasifu
watu wote wamsifu
bara na pwani pamoya.

Pembeni utaona nimeandika "uongo". Vina vyake havina kosa, mizani imekaa, na ndani hamna mtu. Ubeti huu nimewahi kuwapa maiti wengine, nikiondoa "kaka" na kuweka "bwana", na wenye maiti walishukuru. Huyu wangu nashindwa kumpa. Utaona pia jina. Huku kwetu alikuwa Dadi, kwenu akabatizwa Klementi. Nimeandika Dadi nikakata, nikaandika Klementi nikakata, nikaandika mwana wa mama, hilo nalo sijui kama litakaa.

Nakutaka mambo mawili. Usichome tena karatasi. Na yale yaliyochakurwa na kuku nitumie niyaone, maana nimekuonyesha yangu. Habari ya kuja kwangu tuiache kwa sasa.

Shangazi yako anayekuombea,
Kibibi binti Likwata


Mtama, 2 Desemba 1951

Shangazi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Mama hajambo, chungu kimepungua kidogo. Eusebio ameumwa na nyuki akirina asali, uso umevimba jicho moja halionekani, na ajabu ni kwamba ndiyo kwanza amecheka tangu msiba. Mvua zimeanza, watu wako mashambani, na shuleni nina madawati matupu.

Bahasha yako ilifika Ijumaa. Niliifungua darasani watoto wakiwa nje, nikazitandaza karatasi juu ya madawati, na zilijaa safu nzima. Mwandiko wako ulio safi naweza kuusoma, lakini huu wa haraka, mstari juu ya mstari na mishale inayopanda na kushuka, ulinishinda. Nikaenda nazo kwa Mwalimu Abdulrahmani anisaidie. Alianza kusoma kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. Kisha sauti ikashuka. Kisha akawa anasoma bila sauti, kidole tu kinatembea, na uji wake ukaganda kwenye bakuli. Nikamwuliza vipi Mwalimu. Akasema, "Stefania, mimi nimezikariri tenzi za mama huyu tangu utotoni."

Shangazi, sijui kama nitaweza kukueleza nilichokiona. Kuna mahali umeandika "kaondoka". Umelikata, ukaandika "katoka". Ukalikata, ukaandika "kahama", kisha "kafunga safari", kisha neno ambalo wino umelimeza. Mwisho wa yote umeandika tena "kaondoka". Ulizunguka nyumba nzima ukaingia kwa mlango ule ule. Mtu mwingine angesema umepoteza wino. Lakini mimi nililisoma lile la kwanza na lile la mwisho, na naapa si neno moja. La mwisho lilikuwa zito. Niliporudi nazo darasani nililitazama mpaka watoto wakarudi wenyewe bila kengele.

Nilidhani kutunga ni kupewa. Sasa naona ni kutafuta gizani kwa mikono, na wewe, wewe mwenyewe, unapapasa kama sisi. Nimeshikwa na hofu, ile hofu ya kanisani. Usiku wake niliota naandika.

Nakutumia shairi langu kuhusu baba. Nimelinakili vizuri kwa wino mpya. Zile karatasi za kujaribia sizitumi, Shangazi, niwie radhi. Za kwako hata kosa lake lina adabu. Zangu ni uchafu mtupu.

Hukuniambia kama utakuja.

Mwanao,
Stefania


Kilwa Kisiwani, 15 Januari 1952

Mwanangu Stefania,

Marahaba. Mpe Eusebio pole ya nyuki, nyuki wamefanya kazi iliyotushinda sisi. Hapa joto limetukalia. Binti wa Maftaha amekwisha kugombana na mume na amekwisha kupatana naye, na habari zote mbili nimeletewa kabla sijanawa uso.

Shairi lako nimelipokea. Limefuliwa, limepigwa pasi, na aliyelivaa hayumo. Unasema baba yako alikuwa taa, alikuwa nguzo, alikuwa ngao. Mwanangu, hivyo ni vyombo. Mimi nilikuwa na kaka. Nilikuomba karatasi chafu ukanitumia safi, kama mgeni anayeombwa aingie jikoni akasimama barazani na kanzu yake. Sikasiriki, nakutania. Lakini nakutania na ukweli ukiwa ndani yake.

Na mimi usidhani nimevuka. Huu hapa wa juzi:

Kaondoka kisiwani
kaenda zake barani
akatwacha na huzuni
na leo hajarejeya.

Nilipoumaliza niliupenda, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikausoma tena nikaona nagomba na maiti. Ugomvi una mahali pake, na mahali pake palikuwa hapa barazani, akiwa hai, na hakurudi tukagombana. Ubeti umeingia kapuni. Baada ya huo nimepata beti nyingine zinazosimama, za utoto wetu, za mama, za kovu lake la kidevuni alipoanguka magofuni akifukuza mbuzi. Hizo zitabaki. Ninachokosa ni mwisho. Mimi, niliyewatungia watu wa Kisiwani na Songo Mnara na Masoko mpaka wakalia wasiomjua hata marehemu, ubeti wa mwisho wa ndugu yangu sina. Nakaa, naandika Bismillahi, na karatasi inabaki na Bismillahi peke yake. Hizo nazo zipo kapuni, na ndizo zinazoniumiza.

Labda ni kwa sababu ule utu uzima wake siujui. Aliondoka hapa kijana ambaye hajashika sururu. Visima vyake sijaviona. Hebu niambie wewe uliyemwona: alichimbaje?

Nami nisubiri zile karatasi. Na lile swali lako nimelisoma.

Shangazi yako,
Kibibi


Mtama, 9 Machi 1952

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikwama Lindi kwa sababu ya mvua. Barabara imekatika, malori mawili yamelala mtoni, na sisi tumekosa chumvi wiki hizi. Mama alikuwa na homa, sasa ameinuka. Eusebio anachumbia, lakini anakana.

Umeniuliza baba alichimbaje. Alikuwa anatafuta mahali kwa kutazama miti na vichuguu, kisha anachora duara kwa kijiti na kamba. Alitumia sururu ya mpini mfupi kwa sababu chini hakuna nafasi ya kuinua mkono. Wenzake walikaa juu na kamba ya katani na ndoo, wakivuta udongo. Kwanza hutoka udongo mwekundu, kisha mweupe, kisha mchanga. Maji yakikaribia mchanga huwa wa baridi. Kazi huchukua wiki kadhaa kulingana na mahali.

Nikisoma nilivyoandika naona nimekupa somo la darasa la tatu. Samahani. Sijui kwa nini nikishika kalamu baba anakuwa mbali.

Zile karatasi bado sijazitafuta vizuri. Nyingine huenda panya wamekula.

Barua hii anaichukua Mwalimu Abdulrahmani mwenyewe. Anakwenda Kivinje kwenye harusi ya mdogo wake, na ameahidi kumpata mtu wa kuivusha hadi Kisiwani. Anakuheshimu sana siku hizi, kila jioni ananiuliza kama kapu limetoa kingine.

Mwanao,
Stefania


Mtama, 25 Mei 1952

Shangazi,

Shikamoo. Tumevuna mtama na mahindi, si haba. Mama ni mzima, na Eusebio hakani tena.

Tangu Januari sijapata neno lako. Kwanza nilizilaumu barabara, lakini barabara zimekauka. Nikadhani unaumwa. Jana Mwalimu Abdulrahmani alinijia nyumbani. Alirudi kutoka Kivinje zamani, ila alikuwa ananikwepa, nami sikujua sababu. Aliketi, akakataa chai, akasema, "Stefania, nimekuharibia."

Akaniambia kwamba kule harusini, watu wakiimba mojawapo ya nyimbo zako, moyo ulimjaa. Akawasimulia habari za karatasi, jinsi ulivyotafuta neno moja mpaka ukalirudia lile lile. Anasema aliyasema kwa mapenzi. Lakini maneno yakitoka mdomoni hayana mwenyewe. Kufika asubuhi watu walikuwa wanacheka: kumbe Bi Kibibi hufuta kama mtoto wa chuo, kumbe hata yeye huwa hajui. Na akasikia kwamba kicheko hicho kimevuka maji mpaka Kisiwani.

Shangazi, sikulala. Jina ulilolijenga maisha yako yote uliniachia mimi mkononi, kwa ajili ya kunifundisha, na sasa linachezewa harusini. Sijui umekaa vipi huko, umesikia nini kutoka kwa Maftaha. Kama hutaki tena kutunga, nitawaambia watu hapa kwamba hakuna utenzi, na nitasema kosa ni langu.

Asubuhi nilikwenda kisimani, kile cha nyuma ya soko, alichokichimba baba nikiwa mdogo. Nikakumbuka jambo ambalo sikukuandikia. Wachimbaji wengine hapa humwaga udongo wao kando, huko vichakani, mpaka maji yawe safi ndipo wawaite watu. Baba hakufanya hivyo. Tope la kwanza alitaka limwagwe mbele ya kila mtu, wanawake wakiwa na ndoo zao, watoto, mzee wa kijiji. Mama alikuwa anamwambia, Klementi, unawaonyesha watu uchafu. Naye anasema, ndivyo kisima kilivyo, nani amewadanganya.

Na mimi ni mtoto wa mtu huyo, na kwa karatasi zangu nimewasingizia panya.

Panya hawajala kitu, Shangazi. Ulipoandika nisichome, niliacha, nikawa nazificha sandukuni chini ya vitenge vya mama. Hizi hapa zote. Nyingine zina doa la uji, nyingine nimezikunja kwa hasira ndiyo maana haziketi sawa. Nimekata karibu kila kitu. Kama kuna aibu, basi tuwe nayo sote wawili. Ukitaka kuwaonyesha watu wa Kisiwani ili wacheke vizuri, waonyeshe.

Sitauliza tena kama utakuja.

Stefania


Kilwa Kisiwani, 21 Juni 1952

Mwanangu, mwanangu Stefania,

Marahaba, na salamu zangu zimfikie mama yako kwanza, kabla hujaendelea kusoma. Eusebio mpe hongera, na huyo binti mpe pole. Mimi ni mzima.

Habari ya kicheko ni kweli, kilivuka. Maftaha alikuja nacho hapa mlangoni akiwa amekivalia nguo mpya. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "Bibi, eti una kapu la makosa?" Nikasema ninalo, ingia. Nikalivuta kutoka uvunguni nikalimwaga juu ya mkeka. Alichukua karatasi moja, akachukua nyingine. Ulikuwa ule utenzi wa mumewe marehemu, aliokuwa akijisifia kwamba niliutunga kwa kikao kimoja. Sasa anaona mumewe alivyonisumbua. Akaketi. Nimeishi na Maftaha ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, sijawahi kumwona amenyamaza kwa muda ule. Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yote haya kwa ajili ya Athumani?" Tangu hapo ndiye anayenigombea. Na binti yake sasa ananiletea nyimbo zake alizoziandika, zimejaa kutu, tunazisugua pamoja. Kwa hiyo Mwalimu mwambie anywe chai yake. Hakuharibu kitu ambacho kilikuwa kizima.

Kimya changu hakikuwa cha hasira. Sikuwa na la kuandika. Nilikaa miezi hii na karatasi zenye Bismillahi peke yake, nikasema labda Mungu amenifungia mlango wa ndugu yangu, na sijui nimemkosea nini.

Kisha zikaja zako.

Nilizisoma zote, mwanangu, kila ulichokikata, na nilitumia miwani ya Maftaha juu ya yangu. Mengi ni kweli ulivyosema, taa na nguzo na ngao. Kuna nyingine ina doa la uji. Kwenye kona ya chini, kwa herufi ndogo, umeandika hivi: "Jioni tuko ukingoni, hatumwoni, tunasikia tu, Vuteni, nimefikia." Ukaikata. Ukarudia kuikata kwa mstari wa pili, na kando ukaandika, "Haya si maneno ya shairi."

Nilikuwa nimesimama dirishani kwa ajili ya mwanga. Nikaketi chini, pale pale sakafuni.

Dadi alikuwa anasema hivyo. Sizungumzii maneno, nazungumzia usemaji wake. Tangu mtoto alikuwa mtu wa maneno mawili kisha basi. Akitumwa sokoni akirudi anasema, "Nimerudi, yapo." Mama alikuwa anamwuliza, mwanangu, maneno unalipia? Hiyo sauti sijaisikia tangu aondoke hapa, na nimeitafuta kwenye kapu zima, kwa vina na kwa mizani, nikamsifu, nikamgombeza, nikamwita majina yote mawili, hakuitika. Kumbe alikuwa kwako. Alikuwa kwenye kona ya karatasi yenye uji, amekatwa mara mbili, na bado anasikika. Mwanangu, nimeishi na maneno umri wangu wote na sikujua kwamba yanaweza hivyo. Utaona leo herufi zangu nazo zinakwenda upande.

Ubeti wa mwisho ni huu. Mistari mitatu ni kazi yangu, nayo imeandikwa na kukatwa usiulize mara ngapi, karatasi zake nimezitia ndani ya bahasha hii uzione. Wa nne ni wake, na wewe ndiye uliyeutunza.

Chini kizani kakaa
bila moto bila taa
sauti yake yapaa:
"Vuteni, nimefikiya."

Nilipouandika nikalia. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima, mpaka Maftaha akaja mbio na mwiko mkononi. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna msiba, kaka yangu amekufa. Akasema, "Bibi, kaka yako alikufa mwaka jana." Nikamwambia kwangu amekufa leo. Akauweka mwiko chini, akakaa matanga nami mpaka magharibi.

Uliniuliza mara nyingi kama nitakuja, nami nikakukwepa kila mara. Sababu ndiyo hiyo. Habari ya kifo chake ilipofika, watu wote kisiwani walinitazama wamwone malenga analiavyo wake, na jicho langu lilikuwa kavu kama jiwe la kusagia. Nikaona aibu. Ningekuja kusimama kwenye kaburi la mtu ambaye sijamlilia, mbele ya mkewe na watoto wake, nikawasomea "kaka yangu maarufu"? Nikasema bora waseme dada yake hakufika.

Sasa nakuja. Nitavuka hadi Masoko mwanzoni mwa Agosti na kupanda lori la Lindi, na binti wa Maftaha atanisindikiza. Mwambie Romana nitaketi karibu naye kama ulivyotaka. Msalaba wenu mtausimika kwa dua zenu, mimi nitaomba kwa dua zangu, na Dadi tutamwachia achague.

Utenzi tutausoma sisi wawili. Mimi nitaanza, nitakwenda nao mpaka mstari wa tatu wa ubeti wa mwisho, kisha nitanyamaza. Huo wa nne usiusome kwa kuimba, wala usiutie madaha. Useme kama alivyousema yeye kutoka chini, wenye kamba wasikie.

Shangazi yako,
Kibibi binti Likwata